Thamani ya Supu na Bei ya Kiti

Katika miji yetu mikubwa, kuanzia Nairobi na Mombasa hata Dar es Salaam, imezagaa mikahawa ya matawi, yaani ile ambayo jina moja, rangi moja na orodha moja ya vyakula humlaki mtu katika kila jengo jipya la maduka, na ambamo bakuli la supu, chakula kilichohesabiwa tangu zamani kuwa ni cha mtu anayeunga unga, huuzwa kwa bei iwezayo kununua nyama ya kulisha watu wa nyumba moja. Wako wanaolipa bila ya kusita, wako wanaosoma bei wakairudisha orodha mezani wakaagiza chai, na wako wengi zaidi ambao hulipa huku wakinung'unika moyoni. Maadamu manung'uniko yasiyopimwa hayamfai mnunuzi wala muuzaji, yafaa kadhia hii ipimwe kwa insafu, tujue kama supu hiyo inastahili bei yake au haistahili. Rai yangu, ambayo naitanguliza ili msomaji aipinge akipenda tangu mwanzo, ni kuwa aghalabu haistahili. Sababu yake haimo katika ukubwa wa bei, maana vitu ghali vyenye kustahili ughali wake ni vingi duniani. Imo katika swali moja ambalo mnunuzi haulizi na muuzaji hajibu, nalo ni hili: faida ya ile supu imemwendea nani?

Supu, popote inapopikwa, ni elimu ya kutoa kingi katika kidogo. Mpishi huchukua vile ambavyo mchinjaji hawezi kumwuzia tajiri, kama mfupa usio na nyama, kwato, kichwa, mkia na utumbo, akavitia majini, akawasha moto, akasubiri. Na saa zikishapita, kile ambacho kingetupiwa mbwa hugeuka kuwa riziki ya watu kumi. Maji hayana bei kubwa, wala mfupa hauna bei kubwa. Chenye thamani ni moto, saa, na mkono wa mtu anayejua lini aongeze maji na lini asiongeze. Kwa hiyo katika kila bakuli mna ziada iliyozaliwa na maarifa, nayo ziada hiyo sharti igawanywe baina ya aliyepika na anayekunywa. Mgawo ukiwa wa haki, bei ya supu ni halali hata ikiwa kubwa. Na upande mmoja ukichukua yote, supu hiyo ni ghali hata ikiuzwa kwa thumni.

Na atazame mtu jinsi supu ya makongoro inavyopikwa Dar es Salaam, apate kuelewa ninalolisema. Miguu ya ng'ombe hununuliwa ingali na manyoya yake, ikababuliwa motoni mpaka ngozi ikawa nyeusi na harufu yake ikaenea uchochoro mzima, ikakwanguliwa kwa kisu, ikaoshwa tena na tena, ikapasuliwa kwa shoka, kisha ikatiwa katika sufuria kubwa pamoja na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Moto wake ni mkaa mchache usiochochewa kwa pupa, kwa kuwa maji yakitokota kwa nguvu mafuta huchanganyika nayo, na supu ikatoka na ukungu badala ya kutoka safi. Povu linalopanda huenguliwa kwa upawa, na kifuniko huachwa wazi kidogo. Hivyo huenda usiku kucha. Ikifika alfajiri kano na ngozi zimekwisha kulainika na kutoa ute, na mchuzi wenyewe umekuwa mzito pasi na chembe ya unga, kiasi cha kuwa mnywaji akifunga midomo huiona inanata. Hapo huja makondakta wa daladala, mabaharia, makarani wanaowahi kazini na watu waliokesha kwa sababu zao, wakakaa kwenye bao moja, wakakamulia ndimu, wakatia pilipili, wakala na chapati, na kila mmoja akalipa shilingi 3,000 au karibu na hapo. Aliyekesha na sufuria amepata, na aliyekunywa ameshiba. Mgawo huo sioni wa kuutia ila.

Kadhalika katika bucha nyingi za Kenya zichomazo nyama, mteja anayengoja nyama yake iive huletewa kikombe cha supu ya mifupa kwa pesa kidogo, na mara nyingine pasipo malipo yoyote, kwa kuwa mwenye bucha anajua kuwa mfupa ulikuwa wake tangu asubuhi na moto ulikuwa ukiwaka vyovyote vile. Hata supu ya pweza iuzwayo magharibi katika miji ya pwani, ambayo wanaume huiendea wakiwa na matumaini ambayo si adabu kuyaeleza gazetini, huuzwa kwa kikombe na kwa bei ambayo mchukuzi wa bandarini huimudu. Huo ndio msingi wa biashara ya supu kwetu: ziada hugawanywa papo hapo, mbele ya macho ya mnunuzi, naye huona sufuria, huona mfupa, na humwona mtu aliyekesha.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwishoni mwa karne ya 18, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyeingia katika utumishi wa mtawala wa Bavaria na kupata cheo cha Count Rumford, aliwakusanya maskini wa Munich katika nyumba ya kazi, akawalisha supu ya shayiri, njegere, viazi na siki, pamoja na mkate mkavu. Mtu huyo alikuwa mtaalamu wa elimu ya joto, akatengeneza meko na kuzipima kuni zake kwa uangalifu, ili supu ya watu wengi ipikike kwa kuni chache. Nia yake ilikuwa ziada yote ya supu imwendee anayekula. Lakini alikuwa na itikadi moja ya ajabu, kwamba maji yenyewe, yakipikwa vya kutosha pamoja na shayiri, hugeuka kuwa lishe. Elimu ya leo imekwisha kuikataa itikadi hiyo, ingawa nadhani ingali na wafuasi miongoni mwa watu wapangao bei za supu.

Mfano ulio bora zaidi kwa hoja yetu ni wa Paris. Katikati ya miaka ya 1850 mchinjaji mmoja aitwaye Duval alitafakari namna ya kuuza zile sehemu za ng'ombe ambazo wateja wake matajiri hawakuzitaka, akafungua nyumba ya kulia ambamo vibarua wa soko la Les Halles walipata bakuli la mchuzi na kipande cha nyama ya kuchemsha kwa bei nafuu. Biashara ikastawi, akafungua tawi la pili na la tatu na mengine mengi, yote yakiwa na jina lake, orodha moja, bei zilizopangwa, na wahudumu wa kike wenye mavazi ya namna moja. Msomaji ataona kuwa hapo mkahawa wa matawi umekwisha kutimia sifa zake zote, na kilichouzaa ni supu ya watu wa kazi. Wingi wa matawi ulimwezesha Duval kununua kwa jumla, kupika kwa jumla na kupunguza bei, na kwa kuipunguza akatajirika. Nyumba za namna hiyo zikaenea Paris hata mwisho wa karne ile. Moja yake, Bouillon Chartier, iliyofunguliwa mwaka 1896, ingali wazi mpaka leo, na mwaka 2017 ikafunguliwa nyingine mpya, Bouillon Pigalle, ambayo watu huipangia foleni kwa sababu chakula chake ni cha bei ndogo. Kwa hiyo yeyote atakayesema kuwa mkahawa mkubwa wenye mishahara na kodi hauwezi kuuza supu rahisi, na akaulize huko.

Marekani nako kuna ushahidi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa John Dorrance, mwanakemia aliyebuni mwaka 1897, katika kampuni ya Campbell, njia ya kuiuza supu ikiwa imepunguzwa maji, mnunuzi akayaongeza mwenyewe nyumbani. Kopo likawa dogo, gharama ya kulisafirisha ikapungua, likauzwa kwa senti 10. Utasema ladha yake si ya kujivunia, nami sikatai. Lakini maarifa yalipopunguza gharama, mnunuzi naye alipata fungu lake. Wa pili ni wa mikahawa ya Olive Garden, iliyoanza Orlando mwaka 1982, ambayo imejijengea jina kwa kumpa mteja, kwa malipo mamoja, supu na saladi na vijiti vya mkate bila ya kikomo, arudie mpaka ashibe. Mfanyabiashara hatoi bila ya kikomo kitu kinachomgharimu sana. Tajiri anayekuruhusu urudie supu mara tatu amekwisha kukiri, kwa kitendo kilicho wazi kuliko maneno, kuwa bakuli la supu halimtoi jasho.

Sasa turejee kwenye mikahawa yetu, tulitazame bakuli lenyewe kwa karibu. Ni bakuli jeupe, pana, lenye kina kifupi. Ndani yake mna supu ya boga au ya uyoga au ya nyanya, iliyosagwa kwa mashine ikawa laini, ikaongezwa uzito kwa unga wa ngano au wanga wa mahindi, ikachorewa duara la malai juu, ikanyunyiziwa majani mawili matatu ya kotmiri. Na pembeni vipo vipande viwili vya mkate uliochomwa. Boga halihitaji kukeshewa, nusu saa yatosha. Katika mikahawa mingi ya matawi ya Marekani supu haipikwi hata hapo ilipo; hupikwa katika jiko kuu au kiwandani, ikagandishwa ndani ya mifuko, ikasafirishwa, na kazi ya jikoni ni kuutia mfuko katika maji ya moto mpaka supu ipate joto, kisha kuukata na kumimina. Mpango wa jiko kuu umeingia kwetu pia. Siulaumu mpango huo kwa nafsi yake, kwa sababu una usalama na una ulinganifu, na mtu aliyeipenda supu ya tawi la mjini huikuta ile ile katika tawi la uwanja wa ndege. Lakini jiko kuu huokoa mkaa, huokoa saa, na huokoa mishahara ya wapishi wengi. Kwa kanuni ya Duval, akiba hiyo ingeshusha bei. Kwetu imefuatana na bei ambayo Dar es Salaam hupita shilingi 10,000 bila ya kuona haya.

Watetezi wa mikahawa hiyo wana hoja, na si haki kuzipuuza. Husema kwanza kuwa rahisi huvunja upishi, na kwamba atakaye kitu kizuri asiogope gharama yake. Husema pili kuwa mwuza supu wa barabarani halipi pango la duka, aghalabu hakusanyi kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara, hana wahudumu wenye mikataba, wala hana mitambo ya kulinda baridi. Husema tatu kuwa katika mkahawa mna choo safi, maji ya kunawa, hewa baridi, intaneti, na meza ambayo mtu anaweza kuikalia saa mbili akizungumza na mwenzake au kuandika barua zake za kazi, wala asiambiwe ainuke ampishe mwingine. Yote hayo ni kweli. Naongeza juu yake kuwa supu ya barabarani ina taksiri zake: mara nyingi bakuli hukoshwa katika ndoo moja ya maji tangu asubuhi mpaka saa nne, vumbi la barabara halina adabu, na mkaa unaopikia umetoka katika misitu ambayo tunaililia kila mwaka. Wala nisidai kuwa supu ya mfupa ni tiba ya kila maradhi, kama wanavyodai baadhi ya wauzaji; tangu mwaka 1841 kamati ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, iliyoongozwa na Magendie, ilithibitisha kuwa ute wa mifupa peke yake hauwezi kumlisha mnyama akaishi. Supu ni chakula pamoja na vyakula vingine. Si hirizi.

Lakini hoja hizo za watetezi, zikichunguzwa, hazielezi bei ya supu. Zinaeleza bei ya kiti. Pango, baridi, intaneti na choo ni vitu ambavyo mteja anavitumia kwa kukaa, awe amekunywa supu, chai, au maji ya chupa. Kama ndivyo, basi kila kilicho katika orodha kilipaswa kubeba mzigo huo kwa kadiri yake, na isingetokea kwamba kile kilichomgharimu mwenyewe kidogo kabisa ndicho kibebeshwe mzigo mkubwa. Wenye mikahawa wana kanuni ya kale kuwa gharama ya vyakula isizidi yapata thuluthi ya bei ya kuuzia. Kwa samaki au nyama ya steki kanuni hiyo huwabana, kwa kuwa samaki ana bei sokoni na kila mtu anaijua. Supu ndiyo huwafungua. Hakuna mteja ajuaye bei ya boga lililosagwa wala ya mfupa asiouona, na mahali ambapo mnunuzi hana mizani, muuzaji hujipimia mwenyewe. Mtu anayetozwa hivyo ni sawa na abiria aliyelipa nauli ya jahazi akaambiwa kuwa alichonunua ni samaki.

Na ile methali ya kuwa rahisi huvunja upishi, naikubali kwa sharti kwamba tuukumbuke wajibu wake wa upande wa pili. Anayetaka bei ya upishi mzuri aonyeshe upishi mzuri. Mikahawa mingi ya matawi ilianza kwa sifa ya haki, ikiwa na duka moja na mpishi mmoja aliyeonja chungu chake. Sifa ikakua, matawi yakaongezeka, na yaliyofuata yanajulikana na kila mtu wa pwani, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bei ikabaki ya wakati wa mpishi, na supu ikawa ya wakati wa mfuko.

Mnunuzi afanyeje basi? Ziko njia mbili nyepesi za kujua anacholipia. Ya kwanza ni kuuliza kwa taadhima, bila ya kumdhalilisha mhudumu ambaye hana hatia: supu hii imepikwa hapa, na imepikwa lini? Mkahawa uliokesha na chungu hujibu upesi na kwa furaha, hata ukamwita mpishi aje aeleze; mkahawa uliofungua mfuko hujibu kwa tabasamu. Ya pili ni kuiacha supu ya nyama ipoe kidogo. Iliyopata uzito wake kwa mfupa hunata midomoni, na ikipoa kabisa huganda ikatetemeka bakuli linapotikiswa. Iliyopata uzito wake kwa wanga hufanya utando juu, ikabaki na ladha ya unga uliochemka. Akishajua, na achague kwa hiari yake. Mwenye miadi, mwenye mvua inayomnyea, mama mwenye mtoto mchanga anayehitaji mahali pa kumbadilishia nguo, mzee ambaye bao la barabarani linamwumiza kiuno, hao wote wana sababu njema ya kulipa, na hakuna anayepaswa kuwacheka kuwa wanafanya israfu. Wamenunua kiti, na kiti kilikuwa na thamani kwao. Asiye na haja ya kiti akalipa bei hiyo kwa kuogopa macho ya watu, huyo ndiye aliyepunjika.

Kwa wenye mikahawa ninayo maombi mawili, nayo hayana gharama ya kuwafilisi. Kwanza waandike katika orodha zao, chini ya jina la kila supu, mahali ilipopikwa na kama uzito wake umetokana na mfupa, na dengu, na malai au na wanga; kama wanaona fahari kuandika kuwa kahawa yao imetoka mlima gani, supu nayo haikukosa hadhi ya kuelezwa. Pili, kwa kuwa majiko yao hununua kuku wengi kila wiki na ng'ombe wengi kila mwezi, mifupa wanayo tayari, na moto wanao tayari. Basi wapike chungu kimoja cha supu safi ya mifupa hiyo kila siku, wakiuze kwa kikombe, kwa bei ya kikombe cha chai. Duval alifanya hivyo kwa ajili ya wapagazi, na matawi yake hayakuanguka kwa sababu hiyo.

Mkahawa utakaoyakubali maombi hayo hautahitaji matangazo makubwa, kwa kuwa chema chajiuza. Na utakaoyakataa una uhuru wa kuendelea kukodisha viti vyake kwa bei iupendezayo, mradi mnunuzi ajue tangu anapoketi kuwa pesa zake zote zimekwenda katika pango, na supu aliyoletewa ni bahashishi.